Limekuja Jina la Nani?

Mteja ameshika simu, ameingiza namba ya malipo iliyobandikwa kwenye kioo cha kabati la mikate, kisha anasita kabla ya kuweka namba ya siri. "Mama, limekuja jina la mwanaume. Ndilo lenyewe?" Mwenye duka anafunga kilo mbili za sukari na hata hageuki. "Ndilo, baba watoto huyo. Lipa tu."

Mazungumzo ya namna hii husikika kila siku Dar es Salaam, Tanga, Morogoro, popote penye duka la mtaani, na hakuna anayeyatilia maanani. Kibao cha nje kina jina la mama. Wauzaji wa jumla wanamjua mama. Waliokopa unga na mafuta wanamkwepa mama. Ila leseni iliyotundikwa ukutani, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki na hiyo namba ya malipo, vyote vina jina la baba, ambaye pengine ni dereva na dukani hupita jioni kunywa soda. Yako pia maduka ambako mambo yamegeuka: baba ndiye anayeshinda kaunta, lakini karatasi zote ni za mama, kwa sababu siku ya kwenda kusajili yeye ndiye aliyekuwa na kitambulisho cha taifa mkononi.

Ukimuuliza mmoja wao kwa nini iko hivyo, atakujibu kwa lugha ya ndoa: "Kwani mimi na yeye si kitu kimoja?"

Jibu hilo ni zuri, na kwa wengi ni la kweli. Tabu yake ni kwamba afisa wa usajili hakuuliza hivyo. Yeye anataka kujua biashara ni ya mtu mmoja, ni ya wabia, au ni kampuni. Nyuma ya visanduku hivyo vitatu vya kwenye fomu limejificha swali ambalo masheikh, mapadri, wanafalsafa na majaji wamelijadili kwa karne nyingi bila kuafikiana: ndoa inawafanya wawili kuwa mmoja kwa kiasi gani, na je, umoja huo unafika mpaka kwenye droo ya hela?

Wakristo huanzia Mwanzo sura ya pili, kwenye habari ya mume na mke kuwa mwili mmoja. Andiko lenyewe linazungumzia mtu kuwaacha wazazi wake na kuambatana na mkewe. Leseni na madeni hayamo. Hata hivyo sheria ya Kiingereza iliuchukua umoja huo na kuupeleka sokoni. William Blackstone, mwanasheria aliyeanza kuchapisha maelezo yake juu ya sheria za Uingereza mwaka 1765, alieleza kwamba mume na mke ni mtu mmoja mbele ya sheria, na kwamba nafsi ya mke kisheria husimama muda wote wa ndoa, imefunikwa na ya mumewe. Kwa biashara, matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwanamke aliyeolewa hakuweza kufunga mkataba kwa jina lake wala kushtaki peke yake. Kuwa mbia wa mumewe ndiko hakukuwezekana kabisa, maana mtu hafungi mkataba na nafsi yake. Wawili walikuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa mume.

Bunge la Uingereza liliubomoa utaratibu huo kidogo kidogo, na mwaka 1882 ikapita sheria kubwa iliyomtambua mke kuwa mmiliki wa mali yake mwenyewe. Sheria hiyo ya 1882 ikaletwa Kenya pamoja na ukoloni, na mahakama za Kenya ziliendelea kuitegemea kuamua mali za wanandoa miaka mingi baada ya uhuru, hadi Bunge la Nairobi lilipotunga Sheria ya Mali ya Wanandoa mwaka 2013. Kwa maneno mengine, mke na mume waliofungua duka Nakuru mwaka 2010 wakagombana mwaka uliofuata, walikuwa wakipimwa kwa kipimo cha enzi za Malkia Victoria.

Ajabu ni kwamba Biblia yenyewe ina wanandoa wafanyabiashara, na haiwachanganyi. Kitabu cha Matendo kinawataja Akila na Prisila, mafundi wa mahema waliofukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakafika Korintho, na Mtume Paulo akakaa kwao akafanya kazi nao kwa kuwa walikuwa wa ufundi mmoja. Popote wanapotajwa, wanatajwa wote wawili kwa majina. Mithali sura ya 31 inamsifu mke anayeliangalia shamba, akalinunua, akapanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake, tena akashona nguo na kuwauzia wachuuzi. Mumewe yuko kwenye habari hiyo, ameketi langoni na wazee. Hatuambiwi kwamba shamba liliandikwa kwa jina lake.

Habari iliyo nzito kuliko hizo ni ya Anania na Safira, na haipendwi kusomwa kwenye harusi. Mume na mke waliuza kiwanja, wakazuia sehemu ya thamani kwa siri, wakadai wametoa yote. Anania aliulizwa, akaanguka akafa. Saa tatu baadaye akaingia mkewe, ambaye hakuwa na habari ya yaliyotokea. Petro hakumhukumu kwa jibu la mumewe. Alimuuliza upya, swali lake mwenyewe, juu ya bei ya kiwanja, na yeye akajibu kwa kinywa chake. Kama mwili mmoja ungekuwa na maana ambayo Blackstone aliipa, Safira asingeulizwa kitu. Katika jambo la fedha, Matendo sura ya tano inawahesabu kuwa wawili, kila mmoja na dhamiri yake.

Uislamu uliingia kwa mlango mwingine. Tangu mwanzo mke ana mkoba wake. Mahari ni yake, si ya baba yake wala ya ukoo. Anachorithi ni chake, anachochuma ni chake, na mume analazimika kumlisha na kumvisha hata kama mke ana mali kumzidi. Wapokezi wa sira wanaeleza kwamba Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuolewa na Mtume Muhammad, na kwamba alimpa bidhaa azipeleke Sham kwa mapatano ya malipo. Uhusiano wao ulianzia kwenye biashara, ndoa ikafuata baadaye. Muislamu wa Pemba au Lamu anayesema "mke wangu na mimi mali yetu moja" anasema jambo la mapenzi na la desturi, lakini hasemi kanuni ya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu.

Mikoba miwili ina tabu yake pia. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki ni wa madhehebu ya Shafii, na wanachuoni wa Shafii ni wagumu katika suala la ushirika kuliko wenzao wa Hanafi au Maliki. Wanaukubali ushirika wa mitaji, ambapo kila mmoja anatia fedha yake, zinachanganywa, na faida na hasara zinafuata kiasi cha mtaji. Ushirika wa kazi tupu, yaani watu wawili kuunganisha jasho lao na kugawana kinachopatikana, wanaukataa, kwa hoja kwamba jasho la mtu ni lake na halichanganyiki kama fedha zinavyochanganyika. Iko mudharaba, mtaji wa mmoja na kazi ya mwingine, faida kwa uwiano waliokubaliana. Uko ujira. Lakini vyote hivyo vinahitaji mapatano, na mapatano ndiyo yasiyokuwepo nyuma ya kaunta nyingi. Mke anayefungua duka saa 12 asubuhi na kulifunga saa 3 usiku, bila shilingi yake ndani na bila neno lolote kusemwa, ni nani katika fiqhi? Si mbia. Si mwajiriwa. Ni mtu anayemsaidia mumewe, na msaada una thawabu lakini hauna hisa.

Mara nyingi, hata hivyo, shilingi yake imo. Imo kama bangili.

Mfano huu unajulikana kila mtaa. Duka linaanza, mtaji haufiki, mke anafungua sanduku na kutoa bangili mbili za dhahabu za mahari yake. Sonara anazipima, anahesabu noti, mume anazipeleka kwa muuza jumla na kurudi na mchele, sabuni na mafuta ya kupikia. Jioni rafu zimejaa na nyumba nzima ina furaha. Je, zile bangili zilikuwa nini? Kama zilikuwa zawadi kwa mume, mke hana dai lolote juu ya rafu zile. Kama zilikuwa mkopo, mume ana deni, na deni hilo halikui hata duka likikua mara kumi. Kama zilikuwa mtaji, basi mke ni mbia tangu siku ya kwanza, anakula faida na anabeba hasara. Majibu ni matatu, na yote matatu yanaweza kuwa ya halali na ya mapenzi. Yanatofautiana kama usiku na mchana pale tu mtu anapofilisika, anapoachana na mwenzake au anapofariki, na hapo ndipo kila mtu anapokumbuka jibu linalomfaa yeye.

Sheria ya nchi nayo ina jibu lake, na huenda likawashtua wengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, ilizaliwa baada ya serikali kutoa mapendekezo yake mwaka 1969 ya kuziweka chini ya paa moja ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali. Kwa suala la mali ilichukua msimamo ambao sheikh wa Shafii angeutambua upesi kuliko Blackstone: ndoa haibadilishi umiliki. Mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kumiliki, kufunga mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Kifungu cha 60 kinaendelea kusema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja itachukuliwa kuwa ni yake peke yake, mpaka ithibitishwe vingine. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, itachukuliwa kwamba sehemu zao ni sawa. Kinachofuata, cha 61, kinahusu kile ambacho mwanandoa mmoja amempa mwenzake: kitachukuliwa kuwa mali ya aliyepewa, mpaka ithibitishwe vingine. Bangili zile, kama hakuna karatasi wala shahidi, zinaanzia hapo.

Kwa hiyo lile jina linalotokea kwenye simu ya mteja lina uzito. Mahakama inaanza nalo, na mwingine ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha.

Wengi hapa watamtaja Bi Hawa Mohamed, na wana haki. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi yake dhidi ya Ally Sefu, aliyekuwa mumewe, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya familia. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake waliufunga mjadala uliokuwa umewagawa majaji wa Mahakama Kuu, ambapo baadhi walisema kupika na kulea ni wajibu wa mke tu na hakumpi haki yoyote. Hukumu hiyo inafundishwa vyuoni hadi leo. Kinachosahaulika ni mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona kwamba alikwisha kupewa fedha na mumewe kwa ajili ya shughuli ya familia, akazitapanya. Kanuni iliyobeba jina lake imewasaidia wanawake wengi. Yeye iliishia kumhesabia hasara ya mradi.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Mgawanyo wa aina hiyo mahakama huufanya inapotoa talaka au utengano. Ndoa ikiwa hai, mke hawezi kwenda kwa hakimu Jumatatu asubuhi kudai nusu ya mauzo ya wiki. Kenya iko karibu na hapo hapo. Sheria yake ya 2013 inautaja usimamizi wa biashara ya familia kuwa mchango, sawa na kulea watoto na kazi za shamba, na inamruhusu Muislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo haya. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifafanua kwamba usawa wa wanandoa uliomo kwenye Katiba ya 2010 haumpi mtu nusu kwa sababu tu amefunga ndoa. Lazima aonyeshe alichochangia. Huko nako, basi, anayekwenda mahakamani bila daftari anakwenda na maneno matupu. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Turudi kwenye visanduku vya fomu. Kusajili jina la biashara kwa mtu mmoja ndiyo njia rahisi, na mfumo wa kodi wa Tanzania unaisukuma: kodi ya makadirio, ile ambayo mwenye mauzo madogo hulipa bila kutayarisha hesabu za mkaguzi, ni ya mtu binafsi. Kampuni haimo, hata ikiwa ndogo kama kibanda cha chipsi. Ipo pia sababu nyingine isiyo ya ujinga. Mke ni mwalimu au muuguzi, ana mshahara na kiwanja chake. Wameamua kwa makusudi duka liwe la mume peke yake, ili likianguka wadai wasifike kwenye kiwanja. Wamefikiri. Hakuna ubaya.

Ila mlango huo huo hupitiwa na wengine kwa nia tofauti. Mtu ameshakopa, ameshaona mambo yanaharibika, na usiku mmoja anahamishia gari na mzigo kwa jina la mkewe ili mdai akija akute mtu mikono mitupu. Sheria inaweza kuutengua uhamisho wa namna hiyo, na kwa upande wa dini hatuna haja ya kwenda mbali na Anania. Wanandoa wanaojiita kitu kimoja mchana na watu wawili tofauti anapokuja mdai wanalichezea swali lile lile kwa upande wa pili.

Ubia una sura nyingine. Wengi hudhani ubia ni lazima uandikwe na wakili, wakati sheria inaangalia zaidi kama watu wanaendesha biashara kwa pamoja kwa lengo la kupata faida. Wasipoandika chochote kuhusu mgawanyo, wanahesabiwa kugawana sawa kwa sawa, faida na hasara. Hilo ni tamu kwa mke wa kaunta. Upande wake mchungu ni deni: kila mbia anadaiwa deni lote la biashara, na mdai ana hiari ya kumfuata yule mwenye kitu. Mume akichukua mkopo wa kausha damu kwa ajili ya duka, mke mbia hawezi kusema hakujua. Nadhani huu ndio muundo ulio karibu kabisa na kile watu wanachomaanisha wanaposema "sisi ni kitu kimoja", na ndiyo maana nashangaa kuuona mara chache mno ukutani kwenye maduka ya watu wanaosema hivyo.

Kisha kampuni. Hapa kuna kisa ambacho kila mwanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala amekisoma, lakini wachache wamekitazama kwa jicho la ndoa. Aron Salomon alikuwa mtengeneza viatu vya ngozi Whitechapel, London. Mwaka 1892 aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Sheria ya wakati huo ilitaka wanahisa wasiopungua 7, na yeye alikuwa mmoja. Akawaandikisha mkewe, binti yake na wanawe 4, kila mmoja hisa 1. Yeye akawa na 20,001. Haukupita muda mrefu kampuni ikafilisika, wadai wakasema kampuni ile ni Salomon mwenyewe aliyevaa joho. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa, katika hukumu ya mwaka 1896: kampuni iliyosajiliwa kwa kufuata sheria ni mtu kamili, tofauti na waliomo ndani yake, hata kama mmoja wao anashika karibu kila kitu. Mahakama zetu zinaifuata kanuni hiyo hadi leo.

Sasa mtazame Bi Salomon. Hisa 1 kati ya 20,007. Aliwekwa ili idadi itimie. Kwa miaka mingi Kenya ilitaka kampuni binafsi iwe na angalau watu wawili, na wake wangapi waliitwa mezani kutia saini ili wawe wa pili? Tangu sheria ya 2015 mtu mmoja anatosha Kenya, na Tanzania nayo imekwisha kuruhusu kampuni ya mwanahisa mmoja. Mke wa kujazia nafasi hahitajiki tena, na hilo lingekuwa jambo jema kama lingewalazimisha watu kusema waziwazi anaingia kama nani.

Kampuni ina gharama. Kuna taarifa za kila mwaka kwa msajili, hesabu zilizothibitishwa na mhasibu, kodi yake yenyewe, na adhabu kwa anayechelewa. Kwa genge la nyanya ni mzigo usiobebeka. Lakini inatoa kitu ambacho ndoa haiwezi kukitoa: inamleta mtu wa tatu nyumbani. Wawili hawabishani tena juu ya nani ni nani. Duka ni la yule wa tatu, na wao wana hisa ndani yake, 50 kwa 50 au 70 kwa 30, imeandikwa. Yule wa tatu hapati talaka wala hafi pamoja na mmoja wao.

Na kufa kwenyewe ndiko kunakoumbua kila kitu. Tuchukue duka lenye thamani ya shilingi milioni 40, Waislamu, mume amefariki ameacha mke mmoja na watoto, na hakuna madeni. Leseni ina jina la marehemu peke yake, na hakuna mapatano mengine. Duka lote linaingia kwenye mirathi, na mjane anapata thumuni, milioni 5. Kama walikuwa wabia nusu kwa nusu, milioni 20 zinatoka kwanza, maana hizo si za marehemu na hazirithiwi. Kisha anapata thumuni ya milioni 20 zilizobaki, yaani milioni 2.5. Jumla 22.5. Na kama zile bangili zilikuwa mkopo ulioandikwa, zinalipwa kabla mrithi yeyote hajagusa kitu, kwa sababu deni hutangulia urithi. Kadhi hajamdhulumu mjane wa milioni 5. Amegawa alicholetewa. Lawama za aina hii hurushiwa dini kila mara, na kwa maoni yangu hazistahili: fungu la thumuni halikuwekwa ili kumlipa mtu mshahara wa miaka 20 ya kaunta. Hayo ni malipo yaliyopaswa kupangwa wote wawili wakiwa hai.

Pingamizi linalobaki ni la moyo. Watu husema kuandikishana kati ya mume na mke ni dalili ya kutoaminiana, kwamba nyumba yenye mikataba imekwisha kuwa ofisi. Mwanafalsafa Hegel alikuwa na wazo linalokaribiana na hilo katika kitabu chake cha falsafa ya haki cha mwaka 1820. Kwake ndoa huanza kwa mapatano, lakini ni mapatano ya kuuacha mtazamo wa mapatano: wawili wanaacha kupigiana hesabu na kuwa nafsi moja ya familia, yenye mali ya pamoja. Ni wazo lenye heshima. Kurasa chache mbele anamkabidhi mume usimamizi wa mali hiyo, na hapo tunakuwa tumerudi kwa Blackstone kwa njia ndefu zaidi.

Dhidi ya pingamizi hilo, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Qurani, inawaagiza waumini waandike madeni yao na waweke mashahidi, liwe dogo au kubwa, ili shaka isiingie. Inasamehe biashara ya papo kwa papo, ya mkono kwa mkono. Haitaji msamaha kwa wanaopendana. Na ukiangalia vizuri, karatasi tayari zimo ndani ya ndoa nyingi, ila zimeingia kwa upande mmoja. Sheria ya Ndoa hairuhusu nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenza, kwa hiyo benki ikitoa mkopo wa duka kwa dhamana ya nyumba, mke anaitwa kutia saini. Jina lake halimo kwenye leseni wala kwenye akaunti, lakini limo kwenye rehani. Hakuna aliyelalamika siku ile kwamba saini inaua mapenzi.

Msimamo wa makala haya ni kwamba wanaoendesha duka pamoja waandikwe pamoja, kwa ubia kama biashara ni ndogo, kwa kampuni ikikua, isipokuwa pale ambapo wamekaa wakaamua kwa sababu inayotamkika kwamba mmoja abaki nje. Mwili mmoja ubaki mahali pake, na mikoba miwili ijulikane ilipo.

Leseni ya biashara Tanzania Bara ina uhai wa miezi 12, ikiisha inahuishwa. Kabla ya safari hiyo ijayo, mume na mke wafunge duka mapema siku moja, wavute daftari, waandike majibu ya maswali matatu: zile bangili zilikuwa zawadi, mkopo au mtaji, faida inagawanywaje, na mmoja akifariki, nini kinatoka kwanza kabla mirathi haijaguswa. Watie saini, jirani mmoja ashuhudie. Halafu waende kusajili wote wawili, kila mmoja na kitambulisho chake.